Riwaya za matajiri wenye roho mbaya: aibu iko wapi hasa?

Watu wengi wanazisoma kwa kujificha hizi riwaya za mapenzi za matajiri wenye roho mbaya, wanaona aibu eti ni vitabu vya kupotezea muda. Mi naona aibu kama ipo, haipo hapo.

Chukua Crazy Rich Asians ya Kevin Kwan, ilitoka 2013, mambo mengi yako Singapore. Inaanzia London 1986, familia ya Kichina inafika hotelini imelowa mvua, meneja anawanyima vyumba walivyokwisha kubuku kisa tu ni Wachina, haichukui muda baba yake Astrid, binti mmoja wa familia hiyo, anainunua hoteli nzima. Unashangilia kabisa, na mimi nilishangilia. Ila mbele huko familia hiyohiyo inamfanyia Rachel yaleyale, profesa wa uchumi wa New York, kalelewa na mama peke yake, kosa lake kapendwa na Nick, kijana wa familia hiyo na binamu yake Astrid, halafu ukoo wake Rachel haujulikani. Mama Nick anaweka mpelelezi amchimbue, mabinti wa mjini wanamwachia samaki aliyekatwakatwa chumbani. Yaani jeuri ya pesa tuliyoipigia makofi London ndo hiyohiyo inamliza Rachel, na kwangu hapo ndo kitabu kina akili kuliko watu wanavyokipa.

Wanaozipinga wana hoja pia, tena nzito. Kurasa na kurasa ni magauni, almasi, majumba, unamchukia mama mkwe huku roho inaitaka nyumba yake. Walinzi wa Kigurkha (askari wenye asili ya Nepal) getini, wahudumu wa Kithai wa bibi yake Nick, wanapita tu hatujui hata wanawaza nini, na Wamalay na Wahindi wa Singapore nafasi yao ni ndogo mno. Hilo silitetei.

Lakini kuna Astrid na mumewe Michael, mwanaume wa familia ya kawaida ambaye wakwe wanamuona si kitu, mpaka anajifanya ana mchepuko ili mke ndo amuache, maana kusema "nimechoka kudharauliwa na kwenu" kumemshinda. Hapo utajiri wote haumsaidii yeyote, wanaumia wote wawili na wanapendana. Nikiulizwa mtu aanze na riwaya ipi namwambia hiyo ya Kwan, na sura za Astrid asiziruke hata kama ana haraka ya kufika kwenye harusi ya rafiki yake Nick.