Matumaini kwa Awamu

Sina ugomvi na baridi yenyewe. Ugomvi wangu ni na kalenda ya hapa Minneapolis, Marekani, ambayo kila mwaka hunilipa matumaini kwa awamu kama mdaiwa mjanja, na kila awamu ikifika naambiwa nisubiri ijayo.

Ya kwanza huja Desemba 21, ambapo watu hupongezana kwamba kuanzia kesho mchana utarefuka. Hurefuka kweli, lakini kwa sekunde, na hakuna anayekwambia kwamba baridi hungoja Januari ndipo ionyeshe meno. Januari 30, 2019 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, hata posta ikasitisha kusambaza barua jimbo zima. Siku hiyo niliipenda, kwa kuwa hapakuwa na bili iliyoweza kunifikia.

Februari 2 tunamtegemea mnyama. Huko Pennsylvania, tangu mwaka 1887, wazee huamka alfajiri kumtoa shimoni mnyama mmoja mnene wa ukoo wa kindi, naye akikiona kivuli chake, basi baridi itadumu wiki sita zaidi. Mimi niliyewacheka waganga wa kwetu tangu utotoni sasa huwasha televisheni kabla ya chai ili nisikie kauli ya buku! Tena ukihesabu vizuri utaona kwamba kutoka siku hiyo hadi msimu wa machipuko uanze rasmi ni wiki sita na ushei, kwa hiyo hata akiendelea kulala tutafika palepale.

Machi ndiyo hunimaliza. Theluji ikiyeyuka siku mbili tu, majirani hutoka na kaptura, nami husia mbegu za sukuma wiki katika vikopo dirishani, ingawa najua fika kwamba miche itangoja wiki nyingi ndani kabla ya kutoka nje kwa usalama, na kwamba mwaka 2018 theluji nzito ilituangukia katikati ya Aprili, wakati wenye imani kubwa tulikwisha kuyarudisha mabeleshi stoo.

Julai mama hunipigia simu kutoka Limuru, Kenya, akieleza kwamba huko baridi haivumiliki na kwamba amevaa sweta mbili. Humpa pole kwa heshima zote, nikiwa kati ya sukuma zangu huku jasho likinitiririka, kisha namweleza kwa kirefu jinsi joto la huku linavyotutesa.