Mataji Manane Mfululizo: Olympiacos Iliinua au Ilibana Voliboli ya Wanawake Ugiriki?

Kati ya mwaka 2013 na 2020, ligi kuu ya voliboli ya wanawake nchini Ugiriki haikumjua bingwa mwingine ila Olympiacos. Mataji manane yalifuatana bila kukatika. Kombe la Ugiriki nalo klabu hiyo ya Piraeus, mji wa bandari jirani na Athens, ilikuwa imeanza kulitwaa tangu 2011 na haikuliachia hadi baada ya 2019, mara tisa mfululizo, kiasi kwamba kwa misimu saba vikombe vyote viwili vya nyumbani vililala kwenye kabati moja. Mwaka 2018 likaongezeka Kombe la Challenge, taji la kwanza la Ulaya kuchukuliwa na timu ya voliboli ya wanawake kutoka Ugiriki. Hayo hayana ubishi. Ubishi umo katika kuyatafsiri: wapo wanaosema Olympiacos iliutoa mchezo huu gizani na kuupa hadhi ambayo haukuwahi kuwa nayo, na wapo wanaosema klabu moja yenye jina kubwa la soka iliingia katika ligi iliyodhoofishwa na umaskini, ikajichukulia kila kitu, na kuacha wengine wakigombea nafasi ya pili.

Kabla ya kuupima mzozo huo, ni vyema kuondoa dhana moja inayopotosha. Watu wengi husoma kwamba Olympiacos ilianzishwa 1925, kwamba idara yake ya voliboli ya wanawake ni ya mwaka 1930, kisha huhitimisha kwamba mafanikio haya ni matunda ya miongo mingi ya kujenga. Sivyo. Ubingwa wa taifa wa wanawake wenyewe ulianza kuchezwa karibu na mwaka 1970, na tangu hapo kwa miaka arobaini Olympiacos haikupata hata taji moja kubwa. Waliotawala walikuwa Panathinaikos, watani wao wa jadi kutoka Athens, ambao walitwaa ubingwa wao wa kwanza 1971, pamoja na klabu za vitongoji vya mji mkuu ambazo nje ya voliboli hazina umaarufu wowote: ZAON ya Kifisia katika zama za mwanzo, na Vrilissia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Klabu hizi za vitongoji ziliishi kwa nguvu za wazazi, walimu wa michezo na wafadhili wa mtaani, na bado zilikuwa zikiwafunga wakubwa. Kwa hiyo anayezungumzia historia ya ushindi ya Olympiacos katika mchezo huu anazungumzia, kwa kweli, muongo mmoja hivi.

Jambo hili ndilo silaha ya kwanza ya wakosoaji. Wanauliza: ni nini kilibadilika Piraeus kati ya 2010 na 2013? Jibu lao ni kwamba kilichobadilika zaidi kilikuwa nje ya Piraeus. Mwaka 2010 serikali ya Ugiriki ilikimbilia mkopo wa uokozi kutoka kwa nchi za Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kubana matumizi, mishahara kukatwa na wadhamini kutoweka. Michezo isiyo soka wala kikapu iliumia mapema. Panathinaikos, waliokuwa mabingwa mara saba mfululizo kuanzia 2005 hadi 2011, waliporomoka hadi kushindwa kugusa taji la ligi kwa miaka kumi na moja. Nafasi ikabaki wazi, na aliyekuwa na uwezo wa kuijaza akaijaza.

Hoja hiyo ina uzito, lakini ina ufa unaoonekana ukiitazama kwa karibu. Ikiwa kosa la Olympiacos ni kushinda mfululizo katika ligi isiyo na ushindani, basi Panathinaikos walifanya jambo lile lile kwa miaka saba kabla yao, wakati uchumi ulikuwa bado unapumua na hakuna aliyelia kwamba mchezo unauawa. Utawala wa klabu moja haukuletwa na wekundu wa Piraeus. Waliukuta, wakaurefusha kwa mwaka mmoja zaidi. Tena msukosuko wa uchumi haukubagua. Olympiacos nayo ilikuwa klabu ya Kigiriki, ikilipa kwa fedha ile ile katika nchi ile ile.

Tofauti ilikuwa katika muundo, na hapa ndipo mahali penye utajiri wa hoja ambapo mashabiki wa pande zote mbili hupita haraka mno. Klabu kubwa za Ugiriki hazisimamiwi kama chombo kimoja. Soka ina kampuni yake, mpira wa kikapu una kampuni yake, na michezo mingine yote, voliboli, polo ya majini, kuogelea, riadha na kadhalika, iko chini ya chama mama ambacho Wagiriki hukiita Erasitechnis, yaani klabu ya ridhaa, ijapokuwa wachezaji wengi wa ngazi ya juu hulipwa. Chama hicho hakina haki za televisheni za mamilioni wala ada za kuuza wachezaji. Hutegemea wanachama, misaada, udhamini na moyo wa wakubwa wa klabu. Upande wa Olympiacos, chama hicho kiliongozwa na Michalis Kountouris katika miaka yote ya mafanikio haya, na Evangelos Marinakis, aliyeichukua kampuni ya soka mwaka 2010, hakukitupa mkono. Upande wa Panathinaikos, chama cha ridhaa kilizama katika madeni na hakikuwa na wa kukishika. Timu ya wanawake iliangushwa, au iliinuliwa, na mambo yaliyoamuliwa katika ofisi ambazo hazina uhusiano wowote na wavu.

Hili linanifanya niwape wakosoaji nusu ya haki. Wanakosea wanapodai kwamba Olympiacos haikustahili. Wanapatia wanaposema kwamba mfumo wenyewe ni dhaifu, kwa sababu unaifanya timu ya wanawake iwe mpangaji katika nyumba ya mtu mwingine. Vrilissia, ikianguka, huanguka kwa sababu ya matatizo yake yenyewe. Timu ya wanawake ya klabu kubwa inaweza kuanguka ikiwa bingwa, kwa kuwa tu mtu mmoja amechoka kutoa fedha.

Watetezi wa Olympiacos, kwa upande wao, hawapendi kubishana kuhusu ligi ya ndani. Huenda moja kwa moja Ulaya, na wanafanya busara. Voliboli ya klabu barani humo ina ngazi tatu: Ligi ya Mabingwa juu, Kombe la CEV (shirikisho la voliboli la Ulaya) katikati, na Kombe la Challenge chini. Mechi za mtoano huchezwa nyumbani na ugenini kwa hesabu ya pointi. Anayeshinda kwa seti 3-0 au 3-1 huchukua pointi zote tatu, lakini ushindi wa 3-2 huleta mbili tu na aliyeshindwa hupata moja. Pointi zikilingana, huchezwa seti moja ya dhahabu ya pointi 15. Ni utaratibu usio na huruma kwa timu isiyozoea presha: unaweza kushinda vizuri nyumbani, kisha ukapoteza ugenini, na kazi ya mwaka mzima ikaamuliwa na mipira michache ya kuanzisha iliyogonga wavu.

Mwaka 2017 Olympiacos ilifika fainali ya Kombe la Challenge na ikafungwa na Bursa Büyükşehir Belediye ya Uturuki, timu iliyokuwa imekwisha kulitwaa kombe hilo 2015. Mwaka uliofuata, chini ya kocha Mserbia Branko Kovačević, ikarudi tena fainali na kumkuta mpinzani yule yule. Safari hii Piraeus ikashinda. Kwa kuwa msimu huo ilikuwa pia na ligi na kombe la nyumbani, ikamaliza na mataji matatu.

Wakosoaji hujibu kwamba hilo ni kombe la ngazi ya tatu, na ni kweli. Walio bora kabisa Ulaya hawalichezi. Hata hivyo, msimu huo wa 2018 una jambo ambalo nadhani lingepaswa kutajwa mara nyingi zaidi. Ligi ya Mabingwa ilikwenda kwa VakıfBank ya Istanbul. Kombe la CEV likaenda kwa Eczacıbaşı, nayo ya Istanbul. Bursa ingelitwaa la tatu, Uturuki ingekuwa imefagia Ulaya nzima ya wanawake kwa mwaka mmoja, kwa nguvu za benki, kampuni ya viwanda na halmashauri ya jiji. Timu iliyozuia hilo ilitoka katika nchi ambayo ligi yake ilikuwa imetoka kwenye miaka minane ya mikopo na makato. Ngazi ya tatu ni ngazi ya tatu, lakini mpinzani aliyekuwa upande wa pili wa wavu hakuwa wa ngazi ya kubezwa.

Nyumbani kwa timu hiyo ni ukumbi wa Melina Mercouri ulioko Agios Ioannis Rentis, pembeni mwa Piraeus, wenye viti visivyofika elfu mbili. (Mercouri, mwigizaji aliyekuja kuwa waziri wa utamaduni, aliwahi kuwa mbunge wa eneo la Piraeus, na jina lake halikuwekwa pale kwa bahati.) Ni ukumbi mdogo ambao jukwaa limekaa karibu sana na mstari wa nyuma, hivi kwamba anayeanzisha mpira husikia kila neno linalosemwa nyuma yake. Watetezi huuona udogo huo kama fadhila, kwa kuwa mashabiki elfu moja na kitu huujaza ukaunguruma. Mimi nauona pia kama kipimo cha upande wa pili: miaka minane ya ubingwa haikuhitaji ukumbi mkubwa zaidi. Ushindi ulizaa heshima kuliko ulivyozaa umati.

Swali la timu ya taifa ni gumu zaidi kulitolea hukumu. Wanawake wa Ugiriki wameshiriki Michezo ya Olimpiki mara moja tu, mwaka 2004, tena kwa tiketi ya mwenyeji. Wasomaji wa Kenya watakumbuka mashindano hayo, kwa kuwa Malkia Strikers, timu yao ya taifa ya wanawake, walipangwa kundi moja na Ugiriki na walichezea Uwanja wa Amani na Urafiki huko Faliro, katika eneo lile lile la Piraeus, wakaondoka bila kushinda mechi hata moja. Baada ya hapo Wagiriki nao walififia. Kisha, majira ya kiangazi ya 2018, miezi michache baada ya Olympiacos kubeba Kombe la Challenge, timu ya taifa ya Ugiriki ilitwaa medali ya fedha katika Michezo ya Mediterania huko Tarragona, nyuma ya Kroatia, na mwaka 2019 ikacheza fainali za Ulaya katika kundi lililopigwa Ankara. Je, ni matunda ya klabu bingwa? Watetezi wanasema ndiyo, maana wachezaji wa Kigiriki waliofanya mazoezi kila siku na wageni wa kiwango cha juu, na kucheza hadi fainali ya Ulaya, hawarudi timu ya taifa wakiwa wale wale. Wakosoaji wanasema fahari ya taifa ilijengwa pia na wasichana waliokwenda kucheza nje, na waliolelewa na klabu ndogo ambazo Olympiacos iliwanyang'anya wachezaji. Pande zote mbili zinaeleza jambo lililotokea. Kinachonishawishi zaidi ni mfuatano wa tarehe, ingawa najua tarehe kufuatana si ushahidi wa chanzo.

Kulinganisha na Kenya kunasaidia kwa sababu nyingine. Huko nako timu kubwa za wanawake ni mali ya taasisi mama: kampuni ya mabomba ya mafuta kwa Kenya Pipeline, idara ya magereza kwa Kenya Prisons, benki kwa KCB. Zote tatu zimewahi kuwa mabingwa wa klabu za Afrika. Maana yake ni kwamba kutegemea taasisi mama peke yake hakuleti utawala wa klabu moja. Utawala huja pale ambapo taasisi moja tu ndiyo yenye nia na uwezo kwa wakati fulani. Kwa Ugiriki, kati ya 2013 na 2020, taasisi hiyo ilikuwa Olympiacos. Lawama, kama ipo, iwaendee waliolala, na shirikisho lililoiacha ligi ikae hivyo, kabla haijamfikia aliyekesha.

Taji la 2020 lenyewe lilikuja katika msimu uliokatizwa na korona, na likawa la mwisho la mfululizo ule. Mwaka 2022 Panathinaikos walirudi na kuchukua ubingwa baada ya miaka kumi na moja ya kiu. Kurudi huko kunawapa wakosoaji pigo na zawadi kwa pamoja. Ni pigo kwa sababu kunaonyesha kwamba Olympiacos haikuua ligi: mpinzani aliyepata fedha na mpangilio alipanda na kushinda, na miaka minane ya kipigo haikuwa imemzuia. Ni zawadi kwa sababu aliyerudi ni jina lile lile kubwa la soka. Hakuwa ZAON wala Vrilissia. Kilichobadilika ni rangi ya jezi ya bingwa, kutoka nyekundu hadi kijani. Mlango ambao zamani klabu ya kitongoji iliweza kuupitia hadi kileleni haujafunguka tena. Kwa hiyo, nikiulizwa kama Olympiacos iliinua voliboli ya wanawake Ugiriki, nitasema iliinua kilele chake, na kombe la 2018 linatosha kuthibitisha hilo. Kuhusu kina chake, nadhani wakosoaji bado wana kesi, ila mshtakiwa wao si klabu moja.