Nyumba ya nani? Talaka, kadhi na ahadi ya usawa Zanzibar

Mwanamke wa Jambiani anashuka pwani maji yakitoka, anafunga mwani kwenye kamba, anarudi na gunia kichwani. Pesa yake haina makelele. Mwaka huu inageuka mabati ya chumba cha nyuma, mwaka ujao mifuko mitatu ya saruji, katikati inapotelea kwenye sare za skuli na mchele. Baada ya miaka kumi na tano anaachwa. Kiwanja ni cha baba mkwe, risiti, kama zipo, zimeandikwa jina la mume, na yeye anarudi kwao na masanduku yake. Mwanamke huyu nimemtunga, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani Unguja au Pemba atasema anamjua, na pengine atataja na kijiji.

Kwenye karatasi, mama huyu amelindwa. Mwaka 1985 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake. Ibara ya 16 inataka mume na mke wawe na haki na wajibu sawa ndani ya ndoa na inapovunjika, na haki sawa za kumiliki na kusimamia mali. Misri iliiwekea ibara hiyo sharti la kutokwenda kinyume na sharia. Sisi tuliridhia mkataba mzima bila sharti lolote.

Ila aliyeridhia ni Muungano. Mambo ya nje ni ya Muungano. Ndoa, talaka na mirathi si ya Muungano. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haivuki bahari kuja huku. Ndiyo maana hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambamo mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, haimsaidii mwanamke wa Wete. Bi Hawa na mumewe walikuwa Waislamu kama yeye, lakini wao walikuwa Bara. Isitoshe, Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 99, imeyaondoa mikononi mwa Mahakama ya Rufani mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi. Yanaishia Mahkama Kuu ya Zanzibar. Kwa hiyo ahadi ilitolewa na serikali moja, na uwezo wa kuitimiza uko kwa nyingine.

Wako wanaosema ni vyema ikawa hivyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema sharia haikumnyima mke kitu. Mali yake ni yake, mume hana hata senti ndani yake, na bado nafaka yote, yaani matunzo, iko juu ya mume: chakula, nguo, makazi. Akimwacha, atamlisha katika eda na kumpa kitoka nyumba, zawadi ya kuagana. Sasa mkataba unasema haki sawa na wajibu sawa. Je, mko tayari mke naye adaiwe nusu ya kodi ya nyumba? Na tukisema mali yote ya ndoa ni ya wote wawili, yule mama mwenye duka lake Darajani naye atagawana na mume aliyeshinda akicheza bao?

Swali hili la mwisho wanaharakati wengi hulikwepa, na mimi naliona zito kuliko yote. Mali kuwa mbalimbali kunamlinda mwanamke mwenye chake. Anayeumia ni yule ambaye chake kimezama katika cha mwenzake hadi hakionekani tena, na hapa kwetu hao ndio wengi, kwa sababu nafaka iliyoandikwa kitabuni na nafaka inayofika jikoni ni vitu viwili. Mume anapopeleka nusu ya mahitaji, nusu ya pili inatoka kwenye mwani, kwenye upatu, kwenye vitumbua vya asubuhi. Mke amebeba wajibu usio wake, halafu siku ya talaka anaambiwa hakuwa na wajibu huo, basi alichotoa ni hisani.

Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, imefungua dirisha. Inamruhusu kadhi kusikiliza shauri la mgawanyo wa mali ya wanandoa palipo na mchango halisi. Hatua hiyo si ndogo. Lakini neno "halisi" lina mzigo wake. Aliyenunua tofali ataonekana. Je, aliyelea watoto sita ili mwenzake aende dago, kambi ya wavuvi, miezi mitatu? Kamati inayosimamia mkataba ilishatoa jibu mwaka 2013 katika Pendekezo la Jumla namba 29: mchango usio wa fedha nao uhesabiwe. Kadhi hafungwi na pendekezo hilo, na sioni kama akisomewa lugha ya Geneva atalainika.

Huenda akalainika akisomewa vitabu vyake mwenyewe. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, kupika na kufua si wajibu wa mke. Basi miaka kumi na tano ya kupika ililipwa na nani? Atakayejibu kwamba asiyepatana ujira hana ujira, naye ana fiqhi yake, na nakiri hoja hiyo haivunjiki kirahisi. Lakini Malaysia ni Washafi pia, na mahkama zao za sharia zinagawa mali ya chumo la pamoja, harta sepencarian, na kazi ya nyumbani huhesabiwa kuwa mchango usio wa moja kwa moja. Walianzia kwenye mila yao wenyewe. Kinachochekesha ni kwamba Malaysia hadi leo haijaondoa masharti yake yote juu ya Ibara ya 16. Aliyejiwekea masharti amemtangulia asiyejiwekea.

Njia ya nje nayo ipo. Tangu mwaka 2006 Mtanzania aliyemaliza ngazi zote za ndani anaweza kulalamika kwa Kamati. Wajane wawili wa Shinyanga walifanya hivyo kuhusu mirathi ya kimila, na mwaka 2015 wakashinda. Ila Kamati haina askari wala dalali wa mahkama. Hukumu yake ni fimbo ya kumnyooshea mtunga sheria, na fimbo hiyo naitaka iwepo, maana bila mtu wa nje kuuliza, Baraza la Wawakilishi lina mengi ya kushughulikia kabla ya mwani wa mtu.

Yule mama wa Jambiani anachohitaji wiki hii ni ushahidi. Cheti cha ndoa hakina pa kuandika nani alileta nini. Fundi aliyepokea pesa mkononi mwake yupo, lakini hakuna aliyemwita. Na mnunuzi wa mwani ana daftari la mizani: tarehe, kilo, jina la mwanamke. Sijui ni kadhi yupi atakayekuwa wa kwanza kulitaka mezani.