Umesoma kemia, nani kasema lazima uishie maabara?

Kuna swali nimelisikia tangu niko chuo mpaka leo: umesoma kemia, sasa utafundisha au utakaa maabara? Yaani kana kwamba dunia nzima ina milango miwili tu. Anayeuliza simlaumu, mara nyingi hajui. Kinachoniuma ni ile kauli inayofuata ukimwambia umepata kazi sehemu nyingine kabisa, "aa, basi digrii yako umeitupa." Hapana jamani. Hilo nalikataa.

Chukua wanaojulikana kwanza. Margaret Thatcher alisoma kemia Oxford, mmoja wa waliomfundisha ni Dorothy Hodgkin aliyekuja kupata Nobel 1964, akatoka hapo akafanya kazi kampuni ya plastiki, halafu ya vyakula, akasoma sheria akawa wakili, siasa, na 1979 akawa waziri mkuu wa Uingereza. Angela Merkel, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, digrii ya kwanza ni fizikia ila PhD yake ya 1986 ni kemia ya kwanta, ile inayoeleza tabia za atomu na molekuli kwa hesabu za fizikia. John Magufuli, aliyekuwa rais wa Tanzania, kabla ya ubunge alikuwa mkemia wa chama cha ushirika cha Nyanza, na PhD ya kemia aliipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2009 akiwa tayari waziri. Cady Coleman alisoma kemia MIT, akawa mwanaanga wa NASA. Siasa za hao watatu wa mwanzo kila mtu ana maoni yake na sizijadili hapa, nawataja kwa sababu sijawahi kusikia mtu anawaambia wameitupa digrii. Sasa mbona yule aliyeenda kufanya kazi benki au bima anaambiwa?

Tuje kwa watu wa kawaida, ndiko kunakonivutia zaidi. Kuna wakemia wanafanya kazi na majumba ya makumbusho, kazi yao ni kuchunguza rangi za michoro ya zamani. Ujerumani kuna mchoro uliuzwa kwa bei kubwa kwamba ni wa 1914, wakemia wakapima wakakuta ndani yake kuna rangi nyeupe ya titani (oksidi ya metali ya titani), ambayo mwaka huo ilikuwa bado haijaanza kuuzwa kwa wachoraji. Kwisha habari. Uchunguzi ulipofuata kamba ikawapeleka kwenye genge zima la kughushi na 2011 mahakama ya Cologne ikawafunga. Hiyo kesi ilifunguliwa na kemia ya mwaka wa kwanza tu, kujua oksidi gani ni ipi na ilianza kutumika lini, pamoja na mtu mwenye subira ya kuangalia.

Halafu kuna ofisi za hataza (patent), zinazotoa haki ya kumiliki uvumbuzi. Mtu anakuja anasema nimegundua molekuli mpya ya dawa, sasa nani anakaa kusoma muundo wake na kulinganisha na maelfu ya iliyoandikwa kabla ili aseme kweli ni mpya au umebadilisha tu kundi moja la methaili, yaani kipande kidogo cha molekuli? Lazima awe anajua kemia, mwanasheria peke yake hawezi. Kuna pia wanaosoma mafaili ya dawa kwenye mamlaka za udhibiti kabla dawa haijaruhusiwa, kuna wa mitambo ya maji wanaopima klorini iliyobaki (WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji), kuna wanaopima dhahabu migodini, wa sumu kwenye uchunguzi wa jinai, wauzaji wa mashine za maabara, waandishi wa sayansi. Orodha haiishi.

Na wale waliotoka nje kabisa, wakaguzi wa hesabu, watu wa data, wa bima? Mimi naona wanabeba kitu kikubwa kuliko majina ya misombo. Miaka mitatu minne umefundishwa kwamba kilichoingia lazima kionekane kilikotoka, kama uzito haulingani basi kuna kitu kimevuja na hulali mpaka ukipate. Umefundishwa kutoamini namba bila kujua makosa yake ni kiasi gani, umefundishwa kupima kwanza sampuli tupu, isiyo na kile unachokitafuta, ili usije ukasifia uchafu wa chupa. Mpe mtu huyo vitabu vya hesabu vya kampuni uone. Na si ajabu, Lavoisier mwenyewe, mkemia Mfaransa aliyetufundisha kuweka mmenyuko mzima wa kemikali kwenye mizani, alisoma sheria na riziki yake ilikuwa kwenye kampuni ya kukusanya kodi Ufaransa.

Sisemi kila mlango uko wazi. Ukitaka kuongoza utafiti wa dawa mpya, sehemu nyingi bila PhD hufiki mbali, hilo ukweli. Na kazi ya kudhibiti ubora kiwandani inaheshimika lakini inaweza kukuweka miaka unarudia vipimo vilevile kila zamu, kwa hiyo ukiingia uliza mapema watu wa hapo wanapandaje.

Ninaowalaumu ni idara za kemia vyuoni. Mwanafunzi anamaliza kozi nzima, spektroskopia anaijua, titresheni anafanya amefumba macho, ila hajawahi kuletewa hata mtu mmoja wa hataza au wa makumbusho aje asimame mbele aseme siku yake inaendaje. Idara zinao wahitimu wao, zina simu zao, waiteni basi. Na sisi tulioko nje, mwanafunzi akikuandikia mjibu, tena mjibu vizuri: mwambie uliingiaje, mtihani gani wa ziada ulihitaji, kitu gani cha kemia bado unakitumia na kipi hujakigusa tena tangu umalize. Hayo kwenye noti za lekchara hayapati.