NASA si Gécamines

Hapa Lubumbashi, watu wakizungumzia roketi, jina la Gécamines, shirika letu la serikali la madini, halichelewi kutajwa. Kijana anaonyesha kwenye simu video ya roketi ya kampuni ya SpaceX ikirudi kutua wima, na mzee aliye kando yake anatoa hukumu: serikali zimeshindwa, anga limehamia kwa wenye mitaji, NASA, shirika la anga la Marekani, inakwisha kama ilivyokwisha Gécamines. Hukumu hiyo ina nguvu kwa sababu upande wake wa pili tuliuishi wenyewe. Shirika lililotoa tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986 lilikuwa limeporomoka, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hadi chini ya sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Kampuni binafsi zikaingia, na sasa nchi inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Mtu wa Katanga akitazama roketi za Cape Canaveral, anaona migodi ya Kolwezi.

Naelewa anavyoona hivyo. Lakini ulinganisho huo unaficha jambo ambalo lingetufaa sisi kuliko Wamarekani wenyewe.

Kwanza, kampuni zipewe haki yao, maana ni kubwa. Kwa hesabu iliyofanywa na mtafiti wa NASA mwaka 2018, kilo moja ya mzigo iliyopandishwa na Shuttle, chombo cha zamani cha NASA, iligharimu takriban dola 54,500. Falcon 9 ya SpaceX iliishusha gharama hiyo hadi karibu dola 2,700. Shuttle ilipostaafu Julai 2011, Marekani ilikaa karibu miaka tisa bila chombo chake cha kubebea watu, ikinunua viti kwenye Soyuz ya Urusi, hadi Crew Dragon ya SpaceX ilipopaa Mei 2020. Roketi kubwa ya SLS, ambayo NASA imeisimamia kwa mtindo wa zamani, ilimfanya mkaguzi mkuu wa NASA aonye mwaka 2022 kwamba kila safari kati ya nne za kwanza za Artemis, mpango wa kurudi Mwezini, ingegharimu dola bilioni 4.1. Hata Ulaya, yenye fahari ya roketi zake, mwaka 2024 iliikodi SpaceX kupandisha setilaiti za Galileo, mfumo wake yenyewe wa kuongoza safari. Anayesema haya ni mambo madogo hajawahi kulipia mzigo.

Ni kweli pia kwamba NASA imepungua. Katikati ya miaka ya 1960, wakati wa mbio za Mwezi, ilikuwa ikichukua zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali kuu ya Marekani; sasa haifiki hata nusu ya asilimia 1. Tusiseme tu kwamba serikali zote zinarudi nyuma: India ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi Agosti 2023, na China ilileta udongo kutoka upande wa nyuma wa Mwezi Juni 2024. Hizo ni kazi za serikali.

Sasa tuitazame SpaceX yenyewe ilivyolelewa. Mwaka 2006 NASA ilitenga takriban dola milioni 500 kusaidia kampuni zijenge vyombo vya kupeleka mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ilichagua mbili, SpaceX na Rocketplane Kistler. Fedha hazikutolewa kwa mkupuo. Kila malipo yalifungwa kwenye hatua iliyoandikwa: jaribio hili lifanyike, mtaji huu wa binafsi upatikane, ndipo fedha zitoke. Rocketplane Kistler haikupata mtaji iliouahidi. Oktoba 2007 NASA ilivunja mkataba, ikiwa imeshalipa dola zipatazo milioni 32 tu, na miezi michache baadaye ikaipa nafasi kampuni nyingine, Orbital Sciences.

SpaceX nayo ilikuwa pabaya. Roketi zake tatu za kwanza za Falcon 1 zilishindwa kati ya 2006 na Agosti 2008; ya nne ikafika Septemba, fedha zikiwa zimekauka. Tarehe 23 Desemba 2008 NASA iliipa mkataba wa dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za mizigo, wakati Falcon 9 yenyewe ilikuwa haijaruka hata mara moja. Iliruka Juni 2010. Hakuna benki ambayo ingethubutu hivyo.

Hapo ndipo Gécamines na NASA zinapoachana. Gécamines ilikamuliwa na serikali yake hadi mashine zikakosa vipuri, na machimbo ya Kamoto yakaporomoka mwaka 1990. Kampuni zilipokuja, zilimkuta mwenye mali amechoka, anasaini ili apumue. NASA ilikaa mezani ikiwa na wahandisi wanaojua roketi inagharimu nini, na ikaweza kumfukuza mmoja kati ya wawili. Ushindi wa kampuni binafsi ulihitaji serikali inayojua kununua. Serikali ya namna hiyo ni ghali kuijenga kuliko roketi.

Lakini kuna kazi nyingine ya serikali angani, ambayo hairushwi kwenye video za simu na ambayo ndiyo hasa inatugusa hapa. Tangu 1972 Marekani imekuwa na setilaiti za Landsat zinazopiga picha za ardhi ya dunia nzima. Fungua picha ya Lubumbashi ya kiangazi, ile iliyotiwa rangi ili mimea ionekane nyekundu. Kilima cheusi cha masalio ya kiyeyusho cha shaba, kile tunachokiona kutoka kila kona ya mji, ni doa dogo. Kuanzia kwenye bomba la moshi, kuelekea kaskazini-magharibi, kuna ulimi wa ardhi tupu: ni njia ya upepo, iliyobeba moshi wa kiyeyusho tangu 1911 na kuua miti hadi Penga Penga. Kisha weka kando yake picha ya mwaka mwingine, na mwingine. Wekundu wa miombo unarudi nyuma, unafuata barabara za Likasi, Kipushi na Kasumbalesa, kule makala yetu, yaani mkaa, yanakotoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameandika mengi kuhusu ukataji huu, na mali ghafi yao kubwa ni picha hizo.

Sasa bei. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ya Marekani iliamini jambo ambalo vijana wetu wanaliamini leo, kwamba soko litafanya vizuri zaidi, ikaikabidhi Landsat kwa kampuni ya EOSAT. Bei ya picha moja ilifika dola 4,400. Matumizi yakashuka, watafiti wakakimbia, na mwaka 1992 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuirudisha serikalini. Baadaye bei ilishuka hadi dola 600, na mwaka 2008 picha zote, za zamani na mpya, zikafunguliwa bure.

Kilichofuata ndicho ninachorudia kwa kila anayenisikiliza. Kabla ya 2008, picha zilizotoka ghalani zilikuwa takriban 53 kwa siku, kwa dunia nzima. Baada ya kufunguliwa zilifika takriban 5,700 kwa siku. Setilaiti zilikuwa zilezile, ardhi ileile, picha zilezile. Kilichobadilika ni sifuri kwenye bei. Watu waliotokea baada ya hapo walikuwepo tangu zamani: walikuwa na swali, walikuwa na akili ya kulijibu, hawakuwa na dola 600. Soko lilikuwa limewahesabu kama watu wasiohitaji picha.

Tufanye hesabu ya hapa kwetu. Mwanafunzi anataka kuona msitu unaozunguka Lubumbashi ulivyobadilika kwa miaka 30, picha moja ya kiangazi kwa kila mwaka. Hata kama fremu moja yenye upana wa kilomita 185 inamtosha, kwa bei ya 600 angelipa dola 18,000. Kwa bei ya EOSAT, dola 132,000. Hakuna maabara ya Kongo ingemlipia, na kwa hiyo memwari hiyo, tasnifu yake, isingeandikwa, na leo tungekuwa tunabishana kwa hisia kama miti imekwisha au la. Na mwaka 2018 serikali ya Marekani ilifikiria tena kuzitoza picha hizo bei. Mlango huu ukifungwa, sisi ndio tutakuwa wa kwanza kubaki nje.

Mtu wa kampuni atanijibu, na atanijibu vizuri. Landsat inaona vitone vya mita 30 kwa 30, na setilaiti zake mbili hupita mahali pamoja mara moja kwa siku nane. Kampuni ya Planet inapiga picha ya nchi kavu karibu yote kila siku, kwa vitone vya mita tatu hivi. Tanuru la makala ambalo Landsat hulipita bila kuliona, Planet inaweza kulikamata likiwa bado linafuka. Atasema pia kwamba serikali zinachelewa. Katanga, kuanzia Novemba hadi Aprili, mawingu hufunika kila kitu, na ni rada pekee inayopenya. Rada ya bure tunayoitegemea ni ya Ulaya, Sentinel-1. Setilaiti yake moja kati ya mbili iliharibika Desemba 2021, na mbadala haukupaa hadi Desemba 2024, miaka mitatu, sababu mojawapo ikiwa roketi ya Ulaya ya Vega-C kushindwa mwaka 2022. Wakati huo kampuni ya ICEYE ya Finland ilikuwa ikiongeza rada zake angani, nyingi zikipandishwa na SpaceX. Sina jibu la kulifuta hili. Mtu aliyekaa kipindi cha mvua akingojea picha analijua.

Ila tazama nani alitulipia hizo picha za Planet zilipotufikia. Mwaka 2020 serikali ya Norwei iliingia mkataba wa kununua picha za nchi za misitu ya tropiki, Kongo ikiwemo, ili yeyote anayefuatilia misitu azitazame bure. Kampuni ilikuwa na kamera inayoona kwa undani kuliko Landsat. Mkulima wa mbali na mtafiti asiye na bajeti hawakuingia kwenye hesabu yake mpaka serikali ilipowalipia. Siilaumu kampuni. Haikuanzishwa kwa kazi hiyo.

Wanaodhani Katanga ni mtazamaji tu wa mambo haya wamesahau OTRAG. Kampuni hii ya Ujerumani Magharibi, iliyoanzishwa na Lutz Kayser mwaka 1975, ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kutaka kurusha roketi za kibiashara, na ilikuja kuzirushia hapa, kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, juu ya bonde la Luvua. Kiufundi wazo lake halikuwa la kuchekwa: mabomba mengi ya bei nafuu yaliyofungwa pamoja, vali zinazoendeshwa na mota za waipa za magari. Mwenyekiti wake alikuwa Kurt Debus, mkurugenzi wa kwanza wa Kituo cha Kennedy cha NASA. Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, Juni 1978, ilishindwa mbele ya macho ya Mobutu. Kwa shinikizo la Umoja wa Kisovieti na majirani, mwaka 1979 kazi ikafungwa, kampuni ikahamia Libya.

Linaloniumiza ni mkataba. Zaire ilitoa eneo la takriban kilomita za mraba 100,000, karibu sehemu moja ya tano ya Katanga yote, hadi mwaka 2000. Huku Zaire hapakuwa na ofisi hata moja yenye wahandisi wa kusoma walichokuwa wakifanya Wajerumani wale. Walipoondoka, hapakubaki shule ya roketi, wala maabara, wala fundi aliyesomeshwa kwa sharti la mkataba. Kayser alifanya ambalo mfanyabiashara yeyote angefanya. Aliyekosekana mezani ni upande wetu.

Hata mwenye nguvu anaweza kujikuta hapo. Juni 2025, kwenye ugomvi wake na Rais Trump, Elon Musk, mkuu wa SpaceX, alitangaza kwamba angeanza kuiondoa Dragon kazini, kisha akarudi nyuma saa chache baadaye. Chombo cha Boeing, Starliner, kilikuwa kimeshindwa kuwarudisha wanaanga wawili kiliowapeleka Juni 2024, wakarudi kwa Dragon Machi 2025. Kwa saa hizo chache Marekani iliona maana ya kubaki na muuzaji mmoja.

Kongo sasa imefungua mlango wake kwa Starlink, intaneti ya setilaiti ya SpaceX: ilipigwa marufuku Machi 2024, na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ikatoa kibali Mei 2025. Mimi naunga mkono kibali hicho. Faili moja la Landsat 8 lina uzito wa karibu gigabaiti 1, na kwenye chuo ambacho mtandao unakatika mara kwa mara, picha ya bure inaweza kukaa siku mbili bila kushuka. Hapo kampuni inaweza kumaliza tatizo ambalo serikali yetu imelishindwa kwa miaka. Basi serikali inunue kama mnunuzi: masharti ya kibali yachapishwe, vyuo vikuu vya umma viunganishwe kwa tarehe zilizoandikwa, malipo na ushuru vifuate hatua zilizotimizwa, na ARPTC ipewe mafundi wa kwenda kupima wenyewe kasi inayofika Lubumbashi, Kolwezi na Manono.