Kibali cha usalama Marekani: deni linaongeleka, uongo ndo unamaliza watu

Watu wetu wengi walioko Marekani wakishapata uraia wanaanza kutafuta kazi jeshini, serikalini au kwenye makampuni yenye tenda za Pentagon, mshahara mzuri bima nzuri, halafu wanakutana na SF-86, fomu ya kuombea kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, na roho inakuwa juu, sababu inataka kujua ulikoishi, ndugu zako walioko nje, na pesa zako zote. Swali linalokuja kila mara: nina deni la hospitali na kadi imenishinda, ndo basi tena?

Hapana, sio basi. Upekuzi wa serikali unafuata mwongozo wake uitwao SEAD 4 wa mwaka 2017 wenye vipengele 13, cha E ni mwenendo wa mtu na cha F ni pesa. Kwenye pesa hawaangalii tu unadaiwa kiasi gani, wanaangalia deni lilitoka wapi na umelifanyia nini. Umefukuzwa kazi, umeugua, umeachana na mwenzio, hayo yanaeleweka kabisa kama una karatasi za kuonyesha ulipiga simu, ukaomba kulipa kidogo kidogo na unalipa kweli. Hata kufilisika kisheria peke yake hakukunyimi kibali. Kodi ndo usicheze nayo, mtu asiyepeleka ritani miaka mitatu wanamuona ni mtu asiyefuata sheria hata kama hadaiwi senti.

Sasa upande wa serikali una hoja, kwamba mwenye madeni anaweza kushawishika kuuza siri, na mimi siipuuzi. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 1985 alikuwa amebanwa na madeni, talaka juu, akaenda kuwauzia Wasovieti majina ya watu waliokuwa wanaisaidia Marekani, na watu waliuawa kwa ajili hiyo. Lakini iangalie vizuri hiyo kesi. Mwaka 1989 alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa kesh wakati mshahara wake haukufika 70,000, akasema ni hela za ukweni Kolombia, na alikuja kukamatwa 1994. Yaani kilichopaswa kuwashtua muda wote huo ni utajiri. Na Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la Marekani aliyeipelelezea Kuba hadi 2001, hakufanya kwa sababu ya pesa wala madeni, aliamini tu kwamba Kuba inaonewa. Kwa hiyo deni ni dalili mojawapo, tena dalili inayowagusa zaidi watu wa kipato cha chini ambao hawana mpango wowote wa kuuza siri.

Kwenye kipengele cha E ndo nakubaliana nao moja kwa moja. Fomu inauliza kama una deni lililochelewa zaidi ya siku 120. Chukua mtu aliyemdhamini binamu yake gari, binamu kaacha kulipa, yeye anaona aibu anajaza HAPANA. Ripoti ya krediti, yaani rekodi ya madeni yake yote, wanayo mkononi, wataona tu. Lile deni angelieleza kwa sentensi mbili likaisha, sasa wanamuuliza kwa nini alidanganya, na kudanganya kwa makusudi kwenye hiyo fomu ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 5. Ukikumbuka kitu baadaye waambie mwenyewe kabla hawajakuuliza, mwongozo unalihesabu hilo upande wako, ila wakishakuonyesha ushahidi umechelewa.

Kinachoniuma mimi ni jinsi shaka inavyoamuliwa. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1988 kwenye kesi ya Egan ilisema hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali, na shaka yoyote inaegemea upande wa serikali. Kwenye mambo ya siri za nyuklia sawa, naelewa. Ila kwa fundi wa kontrakta mwenye bili ya hospitali, kibali kikisimamishwa mara nyingi kazi nayo inasimama, mshahara unakatika, na lile deni walilokuwa wanaliogopa ndo linakua, halafu anaambiwa aonyeshe anavyolipa. Analipa na nini?

Na njia ya kumuokoa huyo imeandikwa humohumo SEAD 4, kibali chenye masharti, mtu anaendelea na kazi huku anapeleka risiti za malipo na wanafuatilia krediti yake. Kwa wenye madeni ya ugonjwa na kukosa kazi, hiyo ndo ningetaka iwe ya kwanza kufikiriwa, kabla ya barua ya kukataliwa.