Damu ni chache, chanjo ingoje?

Chanjo za kwanza za korona zilipofika Kenya Machi 2021, jirani yangu hapa Majengo alikuwa akimeza vidonge vya kuongeza damu. Kipimo chake cha damu kilisoma gramu 9 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya 12. Shangaziye akamwambia, "Damu yenyewe kidogo, nawe wataka kuitwisha kazi nyengine? Ngoja irudi kwanza." Akangoja, miezi ikapita. Swali hilo bado naulizwa: mwenye damu chache achanjwe korona, au angoje?

Nianze na hofu yenyewe. Chanjo haili damu. Dozi ya chanjo ya AstraZeneca ilikuwa nusu mililita, ikidungwa kwenye msuli wa bega, na kazi yake ni kuwafunza askari wa mwili, yaani chembe nyeupe. Kinachopungua kwa mwenye damu kidogo ni chembe nyekundu, zile zinazobeba oksijeni. Na korona hushambulia mapafu. Mtu ambaye damu yake tayari inabeba oksijeni kidogo, mapafu yakilemewa, atatoa wapi akiba? Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu tuujuao vizuri hapa Pwani, yumo kabisa katika kundi la wanaoweza kuzidiwa na korona. Kwake yeye kungoja ni hatari iliyo wazi.

Habari za damu kuganda baada ya AstraZeneca na Johnson & Johnson zilikuwa za kweli, ingawa ni nadra sana. Lakini hizo zilihusu chembe za kugandisha damu. Upungufu wa chembe nyekundu haukuwa chanzo chake.

Hata hivyo shangazi simpuuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu watoto wachanga wa Pwani ya Kenya ulionyesha kuwa waliochanjwa wakiwa na upungufu wa damu walijenga kinga dhaifu zaidi dhidi ya magonjwa kama dondakoo na kifaduro. Waliopewa madini ya chuma wakati wa chanjo ya surua waliitikia vyema zaidi. Ni watoto, na si chanjo ya korona, kwa hiyo sitauvuta kupita unapofika. Ila mimi nauona ukielekeza kwenye kutibu damu na kuchanja kwa pamoja: vidonge, maini, dagaa, kunde na ndimu, na chai ikae mbali na saa ya kidonge kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini.

Wapo wa kusubiri kweli. Kuna wale ambao mwili wao wenyewe huvunja damu yao. Wachache wameripotiwa kurudiwa na ugonjwa huo baada ya chanjo, na wengine baada ya korona yenyewe. Hao waamue na daktari wa damu. Na anayehema hali ameketi, moyo ukimwenda mbio, aende hospitali leo kwa ajili ya hiyo damu. Chanjo itafuata.

Jirani yangu alipokwenda hatimaye, muuguzi alimuuliza jambo ambalo mwaka mzima wa vidonge hakuna aliyemuuliza: damu yapungua kwa nini? Ilikuwa hedhi nzito, na nyuma yake uvimbe kwenye kizazi. Chanjo alidungwa siku hiyo hiyo. Uvimbe ndio uliochukua miezi.